Chungu cha Jumanne: raha ya mapishi ya kila siku na jinsi inavyorudi nyumbani

Mapishi ya kila siku ni yale yasiyo na mgeni wala shughuli: wali na maharage, ugali na mchicha, ndizi, dagaa, uji wa asubuhi, chai. Hayapigwi picha, na mpishi wake ni nadra kupongezwa. Pilau ina Idi na Krismasi, biriani ina harusi, lakini chungu cha Jumanne jioni hakina wa kukitetea ila njaa. Ndiyo maana kinapoachwa hakuna anayeshtuka. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kiliondoka kidogo kidogo: leo chipsi mayai kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, kesho wali wa mama lishe, keshokutwa mkate na soda, hadi jiko likabaki la kuchemshia chai na kupashia moto vilivyonunuliwa.

Ni rahisi kusema kwamba watu wamekuwa wavivu, na wazee husema hivyo bila kutafuna maneno. Lakini kazi ya kulisha nyumba zamani iligawanywa: mmoja akitwanga, mwingine akikuna nazi, mtoto akichambua mchele, bibi akionja na kukosoa. Katika nyumba ya vyumba viwili mjini kazi imebaki ile ile, ila watu wa kuifanya wamepungua hadi mmoja, naye anaingia saa mbili usiku miguu ikimuuma. Iliyotangulia kupotea ni raha, chakula kikaifuata. Kitabu kipya cha mapishi hakiirudishi, wala vyakula vya mitandaoni vya oveni na jibini. Inarudi pale mzigo unapopunguzwa na kugawanywa, na mpishi akapata tena nafasi ya kutumia pua, masikio na ulimi wake juu ya vyakula vile vile anavyovijua.

Mfano wake upo kila mwaka katika miji ya pwani, nao ni mwezi wa Ramadhani. Watu ambao kwa miezi kumi na mmoja hula popote penye benchi na sahani, mwezi huo hukimbilia nyumbani kabla ya magharibi. Futari yenyewe kwa kawaida si ya anasa: mihogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, kunde, tui la nazi, uji wenye pilipili manga, na kaimati pale uwezo unaporuhusu. Viambato hivyo vipo sokoni mwaka mzima. Kinachobadilika ni saa. Saa ya kula imekwishapangwa na haina mjadala, kila mtu yupo, kila mkono umepewa kazi, na sahani zinatoka nyumba hii kwenda ile, zikiwemo nyumba za majirani wasiofunga. Mwezi wa Shawali ukiandama ratiba huvunjika, na majiko mengi hupoa ndani ya wiki moja. Familia ya dini yoyote inaweza kuazima kitu hicho kimoja, yaani saa ya chakula isiyohamishika, hata ikiwa ni kwa siku tatu tu za wiki.

Vyakula vyenyewe vina safari ndefu kuliko vinavyoonekana mezani. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alipita pwani hii mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu alieleza wali uliopikwa kwa samli ukiandamana na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoletwa pamoja na achari za ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Mswahili wa leo angekaa kwenye mkeka ule akala bila kuuliza. Hata hivyo angetafuta asikione chakula kingine anachokidhani cha asili: hapakuwa na ugali wa mahindi, maharage, karanga, muhogo, nyanya wala pilipili kali. Mimea hiyo yote ni ya Amerika, na ilifika Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15. Kabla ya hapo ugali wa bara ulisongwa kwa unga wa mtama, uwele na ulezi.

Mimea hiyo haikupata mwalimu wa kuipika. Mtu alipewa mbegu asiyoijua, akaitia katika chungu kile kile alichozoea, akaona kinachotokea. Nyanya ikaingia kwenye mchuzi, karanga ikasagwa ikatiwa kwenye mboga za majani, muhogo ukapikwa kwa nazi. Kisamvu ni mfano mkubwa zaidi, kwa sababu majani ya muhogo yakiwa mabichi yana viini vinavyotoa sumu ya sayanidi. Kuyatwanga kwenye kinu hupasua majani na kuifungulia sumu, na kuyachemsha kwa muda mrefu huiondoa. Wapishi walifika kwenye hatua hizo mbili bila maabara. Mboga hiyo hiyo huitwa sombe mashariki mwa Kongo na isombe Rwanda na Burundi, ambako mara nyingi huungwa kwa mawese, wakati pwani huungwa kwa nazi au karanga. Ugunduzi wote huo ulifanyika kwenye vyungu vya siku za kawaida, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuviheshimu.

Kabla ya chakula kuna moto, na moto ndio ulioamua mengi ya yanayoitwa mila. Chungu juu ya mafiga matatu hupata joto lisilotulia, kwa hiyo hupikiwa vitu vinavyovumilia: maharage, makande, kisamvu. Jiko la mkaa hutoa joto kali kisha likafifia polepole, na wali ukapata hapo desturi ya kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Kenya walieneza jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo hutunza joto na kupunguza mkaa unaotumika, na mpaka leo linauzwa barabarani katika nchi za jirani.

Gharama ya moto huo kwa mapafu ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka 10, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na mwezi huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati hiyo kwa Afrika. Katika mazungumzo ya aina hiyo husemwa mengi juu ya misitu na afya. Raha haitajwi, ingawa ni vigumu kwa mtu kupenda mahali panapomtoa machozi kila jioni.

Mtungi wa gesi umeleta jikoni kitu ambacho mkaa haukuwahi kuwa nacho: moto unaowaka sasa hivi na kupungua kwa kuzungusha kidole. Umeleta pia woga. Nyumba nyingi zilizohamia gesi ziliacha kupika maharage kwa hesabu kwamba yatamaliza mtungi, zikabaki na vyakula vya haraka, na hapo chipsi zikapata mlango mwingine. Woga huo una tiba mbili, zote za bei ya kubeba.

Ya kwanza ni maji na usiku mmoja. Maharage yaliyolowekwa tangu jioni hadi asubuhi huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko yaliyotiwa makavu, na maji ya kulowekea yakimwagwa huondoka na sehemu ya vile vinavyojaza tumbo gesi. Ya pili ni sufuria ya presha, iwe ya kuweka juu ya jiko au ya umeme. Wazo lake ni la Mfaransa Denis Papin, aliyelionyesha London mwaka 1679: mvuke ukizuiwa kutoka, shinikizo hupanda, na maji yanafika karibu nyuzi 120 badala ya 100. Kwa watu wa nyanda za juu faida ni maradufu. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mbeya hali ni hiyo hiyo. Maharage yale yale yanayoiva vizuri Tanga yatamchosha mpishi wa Mbeya, naye huenda akalaumu mbegu.

Wakati mwingine mbegu nayo ina kosa. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kulainika hata yakichemshwa kutwa. Mnunuzi makini huuliza ni ya msimu gani kabla ya kuuliza bei, na huangalia ngozi: iliyopauka na kukunjamana ni ya zamani. Nyanya na ndimu zikitangulia kutiwa huchelewesha kuiva, kwa kuwa uchachu hukaza kuta za mbegu, hivyo hungoja mpaka maharage yawe yamelainika. Magadi hufanya kinyume chake, hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini B1 na, yakizidi, huacha ladha ya sabuni. Jambo moja halina hiari. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika, na huondolewa kwa kuchemshwa kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi. Moto mdogo wa saa nyingi bila mchemko huo haufai.

Baada ya kuiva ndipo maharage huungwa, na hapo mpishi wa haraka hujulikana na wa subira. Kitunguu kikitiwa kwenye mafuta ya moto huanza kwa kelele, kwa sababu maji yake yanatoka. Kelele ikipungua maji yamekwisha, na harufu kali inaanza kugeuka kuwa tamu. Rangi ya dhahabu inayofuata inatokana kwa sehemu kubwa na mkutano wa sukari na protini katika joto, jambo lililoelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, nalo ndilo linaloupa rangi na harufu ukingo wa chapati na mshikaki. Nyanya ikimwagwa kabla ya hatua hiyo, joto la sufuria hushuka, kitunguu huchemka badala ya kukaangika, na mchuzi wote hubaki na ladha ya ubichi ambayo hakuna kiungo cha pakiti kitakachoifunika. Vivyo hivyo nyanya huachwa hadi ipondeke na mafuta yaonekane kando kando. Dakika saba au nane zaidi zinatosha. Mchuzi mwingi unaolalamikiwa kuwa mwepesi, na ambao hutiliwa chumvi na mchanganyiko wa viungo ili uokoke, ulikosa dakika hizo tu.

Kusikiliza kitunguu kunaonekana jambo dogo. Hata hivyo hapo ndipo raha ya kupika inapokaa, kwa kuwa mpishi anayejua sauti ile hahitaji saa wala kipimo, na anaweza kuzungumza na watu huku akiendelea. Elimu hiyo huja kwa kurudia. Anayepika pilau mara 2 kwa mwaka hujifunza mara 2; anayepika maharage kila wiki hujifunza mara 52, na kila mara anaweza kubadili kitu kimoja tu: leo kitunguu zaidi, wiki ijayo tangawizi, nyingine tui lipungue. Anayeanza upya hafaidiki na orodha ya vyakula thelathini. Afadhali achukue kimoja ambacho nyumba inakipenda na kukirudia hadi mkono ukizoee.

Kwa pwani chakula hicho karibu kila mara kina nazi, na nazi inastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyowakimbiza wengi. Tunda hupita hatua zake juu ya mti: kidaka, kitale, dafu la kunywa, koroma, kisha nazi yenyewe iliyokomaa na kukauka. Ya kupikia huchaguliwa kwa kutikiswa karibu na sikio. Isiyosikika maji huenda ina ufa na imeanza kuoza. Nyama yake mbichi ina mafuta kwa karibu theluthi moja ya uzito, na kazi yote ya kukuna, kukanda na kukamua ni ya kuyatoa mafuta hayo yakiwa bado yamechanganyika na maji. Chombo cha kukunia ni mbuzi, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Nazi iliyokunwa hukandwa kwa maji ya vuguvugu, si ya baridi, kwa sababu mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Mpishi wa Iringa hukuta tui la jana limekuwa gumu kama siagi hali mwenzake wa Tanga hajapata kuliona hivyo. Kilichokandwa hukamuliwa kwa kifumbu au kichujio. Tui la kwanza, zito, ndilo kasimile na huwekwa kando. La pili na la tatu, jepesi, ndilo la kupikia.

Mpangilio huo una sababu. Tui ni mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji na kushikiliwa na protini, na joto kali huzigandisha protini hizo zikayaachia mafuta. Ndipo tui hukatika, likaonekana mabonge meupe juu ya maji. Tui jepesi huvumilia mchemko likikorogwa na kuinuliwa kwa upawa mpaka lichemke. Kasimile hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na sufuria hutokota kidogo tu kabla ya kuipuliwa. Anayemwaga tui lote mara moja na kwenda kuangalia simu atarudi na kukuta limekatika. Chakula hakijawa kibaya, kinalika, ila ulaini umekwenda.

Je, ni lazima kukaa juu ya mbuzi? Katika masoko mengi ya Dar es Salaam nazi hukunwa kwa mashine mteja akisubiri, blenda na kichujio hutoa tui zuri nyumbani, na katoni za tui zimejaa madukani. Wapo wanaoshikilia kwamba tui la mashine halina ladha. Tofauti ipo, hasa kwenye wali, lakini ni ndogo kuliko tofauti kati ya kupika na kutopika. Wazanzibari waliohamia Muscat na miji mingine ya Omani baada ya mapinduzi ya 1964 wameendelea kupika wali wa nazi na mandazi vizazi baada ya vizazi, na kwa wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini tui la kopo ni jambo la kawaida. Mboga nazo hupatiwa mbadala: mchicha hubadilishwa kwa spinachi, na majani ya kola wanayoyapenda sana watu wa kusini mwa Marekani ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki.

Wali wa nazi hupikwa kwa kuchemsha tui jepesi lenye chumvi, kisha mchele uliooshwa hutiwa na kuachwa unywe. Maji yakikaribia kukauka hutiwa kasimile, hugeuzwa mara moja kwa mwiko, na kufunikwa. Kwenye mkaa hupaliwa. Kwenye gesi moto huteremshwa hadi mwisho, na baadhi ya wapishi huweka kikaango cha chapati chini ya sufuria ili joto lisambae. Mchele wa Kyela, wa Mwea au wa Kilombero hautaki maji sawa, na hata wa eneo moja hubadilika: mchele mpya hunywa kidogo, wa zamani hunywa zaidi. Ndiyo maana kipimo cha kitabu hushindwa pale mkono uliozoea unapofaulu. Ukoko wa chini, ambao watoto huugombea, ni ishara kwamba moto ulikuwa wa kutosha na mpishi hakuzidi kugeuza.

Mboga za majani hutaka kinyume cha yote hayo, yaani haraka. Mchicha na matembele huoshwa kabla ya kukatwa, kwa sababu yakikatwa kwanza vitamini nyingi huishia kwenye karai, na dakika chache juu ya moto zinatosha. Kuziunga kwa nazi, karanga au mafuta kuna maana zaidi ya utamu: vile viini vya majani ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A haviingii mwilini vizuri bila mafuta. Ndimu inayokamuliwa juu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na maharage. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo ikinywewa saa moja baada ya mlo ni bora kuliko kuuteremshia mlo wenyewe. Dagaa wa Kigoma na wa Ziwa Viktoria huongeza kalisi, kwa vile huliwa na mifupa yao, nao hupoteza uchungu wakikatwa vichwa na kukaangwa wakauke kabla ya kuungwa.

Ugali una siri chache, lakini kila moja ina wafuasi na wapinzani. Wapo wanaoanza kwa uji mwepesi ukatokota vizuri ndipo unga uongezwe, na wapo wanaomimina unga moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Wa kwanza hupata madonge machache na ugali ulioiva ndani, na hukumu ya wengi iko upande wao. Dona, unga usiokobolewa, una kiini na pumba za punje, hivyo una virutubisho zaidi kuliko sembe, lakini mafuta ya kile kiini huufanya uharibike mapema. Haufai kununuliwa wa miezi mitatu. Mahindi yenyewe hupembuliwa na yaliyoota ukungu hutupwa bila huruma. Sumukuvu haifi kwa kupikwa, na mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya.

Hapo ndipo soko linapoingia. Nyumba inayonunua kila jioni fungu moja la nyanya, kitunguu kimoja na kipimo cha mafuta hulipa zaidi na huchoka zaidi kuliko ile inayonunua kwa kisado Jumamosi, ikakaanga kitunguu na nyanya za wiki kwa mara moja na kuhifadhi kwenye friji au, penye jokofu, kugandisha kwa mafungu. Maharage pia yanaweza kuchemshwa mara moja na kuungwa kwa siku tofauti: ya kwanza kwa nazi, ya pili kwa kitunguu na nyanya tu, mengine yakapondwa na viazi. Chakula cha siku ya kazi hupikwa ndani ya nusu saa kwa sababu sehemu yake kubwa ilipikwa Jumamosi. Kwa wasio na fedha za kununua kwa kisado, watu wawili au watatu wa nyumba moja ya kupanga wanaweza kuchanga, na kwa wapangaji wanaoshiriki uwanja mmoja jambo hilo si geni.

Linabaki suala la nani anapika, ambalo makala nyingi za mapishi hulikwepa. Katika kitchen party za Tanzania bibi harusi mtarajiwa hujaziwa sufuria, sahani, hotipoti na mawaidha. Bwana harusi hapewi hata mwiko. Haishangazi kwamba baadhi ya sufuria hizo hukaa kwenye maboksi yake miaka: zimekabidhiwa mtu mmoja ambaye naye ana ajira. Wala haiwezekani kudai kwamba kupika hakukubaliani na mikono ya kiume. Pilau la harusi za pwani, masufuria ambayo mtu anaweza kuketi ndani yake, mara nyingi hupikwa na wanaume, na mabaharia wa majahazi hujipikia wenyewe safarini. Mwanamume hupika panapokuwa na sifa au ujira. Jumanne haina vyote viwili.

Nyumba zilizorudisha raha jikoni kwa kawaida ziligawa kazi kabla ya kubadili vyakula. Anayefika kwanza huloweka au huchemsha, anayefuata huunga, watoto huchambua mchele na kumenya kitunguu saumu. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuchambua mbegu na kuosha mboga, wa 12 anaweza kukoroga uji akiangaliwa, na mvulana wa umri huo asiyejua kuwasha jiko ameonewa na malezi. Atakapopanga chumba chake atalishwa na mkaanga chipsi, na mshahara wake utajua.

Mwisho wa chungu ni kiporo, na mpishi wa kila siku hupika akikifikiria. Maharage yaliyolala hunoga kwa kuwa viungo vimepata muda wa kuingia. Ugali wa jana hukatwa vipande ukakaangwa, na wali hukaangwa kwa kitunguu na yai ukaliwa na chai. Tahadhari iko kwenye wali zaidi ya vyote, kwa sababu vijidudu vilivyomo kwenye mchele hustahimili mchemko, huzaliana sufuria ikibaki ya vuguvugu, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Wali wa kubakizwa huondolewa kwenye sufuria mapema, hutandazwa upoe na kuingizwa kwenye friji ndani ya saa mbili. Wa nazi huchacha upesi kuliko mweupe, hivyo pasipo na friji hupikwa wa kutosha jioni hiyo tu, na kinachohifadhiwa kwa asubuhi ni mchele wenyewe, ambao haujatiwa maji.